Si Kususa, ni Kutenga

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wafasiri na waandishi wa habari hukutana nayo karibu kila siku, limo moja lenye sura ya jina la mtu, kwa sababu ni jina la mtu kweli. Neno hilo ni "boycott". Hutumika pale bidhaa zinapokataliwa, timu zinapokataa kucheza, wajumbe wanapokataa kuhudhuria mkutano, na siku hizi hata jirani anapokataa kwenda harusini. Mfasiri wa Kiswahili, akiwa na haraka ya kuuwahi mtambo wa kuchapa, huandika "kususia" na kupita. Mwenzake huandika "kugomea". Msomaji huelewa kiasi, gazeti hutoka, na hakuna anayeuliza zaidi.

Yafaa kuuliza. Kususa ni jambo linalofahamika na kila mtu aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili. Mtoto aliyepewa kipande kidogo cha nyama kuliko cha ndugu yake husukuma sahani, hujikunja pembeni, na kusubiri abembelezwe. Mtu mzima naye husa karamu kwa kuwa hakualikwa kwa heshima aliyoitazamia. Anayesusa hana shabaha ila kuonekana kwamba amekasirika, na anayepata hasara ni yeye mwenyewe, maana njaa ni yake. Ndiyo maana jibu la kususa limekwisha kuandikwa hata kwenye kanga: ukisusa, wenzio twala.

Je, hilo ndilo walilolifanya watu wa Afrika walipokataa kununua mali ya makaburu? Je, walijikunja pembeni wakisubiri kubembelezwa? La hasha. Lakini vichwa vya habari vikiandika kwamba walisusia, ndivyo masikio yanavyosikia. Neno halichaguliwi kwa ajili ya pambo. Neno ndilo linalomwambia msomaji kama kitendo kilichofanywa kilikuwa cha kiutu uzima au cha kitoto. Kwa sababu hiyo hapana budi kurudi mahali neno hili lilipozaliwa, nako si chuoni wala bungeni bali shambani, miongoni mwa wakulima maskini wa magharibi ya Ireland.

Ireland ya karne ya 19 ilikuwa imeunganishwa na Uingereza tangu mwaka 1801, na muungano huo haukuwa wa hiari ya wanyonge wake. Ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa makabaila, na wengi wa makabaila hao hawakukaa huko wala hawakuwajua wapangaji wao. Mkulima alilima shamba asilolimiliki, akajenga kibanda juu ya ardhi isiyo yake, na asipoweza kulipa kodi alitolewa nje yeye na watoto wake. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, watu wapatao milioni 1 walikufa katika miaka ya njaa iliyofuata, na wengine kiasi hicho wakakimbilia ng'ambo, hali meli zikiendelea kupakia nafaka na mifugo kwenda kuuzwa Uingereza. Mavuno yalipoharibika tena mwaka 1879, wazee waliikumbuka njaa ile, na vijana hawakuwa tayari kufa kimya kama walivyokufa babu zao. Oktoba mwaka huo Umoja wa Ardhi uliundwa mjini Dublin. Mwanzilishi wake mkubwa, Michael Davitt, alikuwa mtoto wa mkulima aliyefukuzwa katika shamba lake. Rais wake, Charles Stewart Parnell, alikuwa mwenye ardhi mwenyewe. Historia ina mizaha yake.

Tarehe 19 Septemba, 1880, Parnell alihutubia mkutano wa hadhara katika mji wa Ennis. Aliwauliza wakulima wamfanye nini mtu atakayechukua shamba ambalo mwenzake amefukuzwa. Sauti zikapazwa kwamba apigwe risasi. Parnell akasema iko njia iliyo bora zaidi, ya Kikristo zaidi, nayo ni kumwacha mtu huyo peke yake: asisemeshwe njiani, asisemeshwe dukani wala sokoni, wala hata kanisani, atengwe kama walivyotengwa wakoma wa zamani.

Siku chache baadaye njia hiyo ilipata mtu wake. Kandokando ya ziwa Lough Mask, katika jimbo la Mayo, aliishi Mwingereza mmoja aliyeitwa Kapteni Charles Cunningham Boycott, mzaliwa wa Norfolk wa mwaka 1832. Yeye hakuwa kabaila mkubwa. Alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne, mtukufu aliyekuwa na zaidi ya eka 40,000 nchini Ireland, na kazi yake ilikuwa kuwakusanyia wapangaji kodi na kuwaondosha wasiolipa. Mwaka ule Lord Erne alikubali kupunguza kodi kwa asilimia 10. Wapangaji, wakiyatazama mashamba yao yaliyoharibika, walidai asilimia 25. Boycott alikwenda mahakamani kutafuta hati za kuwafukuza.

Tarishi wa mahakama alipokuja na askari kuzigawa hati hizo, wanawake wa kijiji ndio waliomkabili. Walimrushia matope na samadi mpaka akarudi alikotoka. Siku zilizofuata wafanyakazi wa Boycott waliacha kazi, wa shambani na wa nyumbani pia. Mhunzi akakataa kupiga viatu farasi wake. Dobi akakataa kufua nguo zake. Wenye maduka katika mji wa jirani wa Ballinrobe wakakataa kumwuzia chakula, na kijana aliyemletea barua akaambiwa aiache kazi hiyo. Viazi na nafaka zikabaki shambani zikisubiri kuoza. Hakuna aliyempiga Boycott kofi, hakuna aliyemsemesha.

Boycott aliandika barua kwa gazeti la The Times la London akieleza mateso yake, na mabwana wa Uingereza wakashtuka kuliko walivyopata kushtuka kwa mateso ya wapangaji wake. Novemba walipelekwa vibarua 50 wa kujitolea kutoka majimbo ya Cavan na Monaghan ili wamvunie mazao. Ili vibarua hao 50 wafanye kazi kwa usalama, serikali ilipeleka askari wa jeshi na polisi wapatao 1,000. Walivuna kwa muda wa kama wiki mbili katika mvua na matope. Mazao yenyewe yalikadiriwa kuwa na thamani ya paundi 500 hivi, na gharama ya kuyavuna ilifika paundi 10,000. Tarehe 27 Novemba Boycott na familia yake waliondoka. Hakupatikana mtu hata mmoja wa kuendesha gari lao la farasi, ikabidi wachukuliwe kwa gari la wagonjwa la jeshi.

Sasa kuhusu neno lenyewe. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, James Redpath, ambaye alikuwa huko Mayo wakati huo, alieleza baadaye jinsi lilivyopatikana. Alikuwa mezani na padri wa parokia, John O'Malley, aliyekuwa kiongozi wa wakulima wa mahali pale. Redpath alikuwa akihangaika kutafuta neno la kukiita kitendo kile. Liko neno la Kiingereza lenye maana ya kumtoa mtu katika jamii, lililotokana na vigae vya Athens ya kale, ambako raia waliandika juu ya vigae jina la mtu waliyetaka aondoke mjini kwa miaka 10. Padri alisema neno hilo la wasomi halitawafaa wakulima, hawatalielewa. Akafikiri kidogo, akapendekeza lichukuliwe jina la mtu mwenyewe. Tangu siku hiyo kitendo kikawa na jina, na mwenye jina akawa amenyang'anywa. Boycott aliishi mpaka mwaka 1897 akilisoma jina lake magazetini likiwa limegeuka kitenzi.

Wafasiri wangefaa kumkumbuka padri yule. Hakutafuta neno la kumwonyesha msomi kwamba anajua Kiyunani. Alitafuta neno ambalo mkulima angeweza kulibeba kichwani kutoka sokoni mpaka nyumbani na kumwambia mkewe.

Kabla ya miaka mingi kupita neno lilivuka mipaka. Wafaransa, Wajerumani, Warusi, Wahispania na Wajapani wote walilichukua na kulivalisha matamshi yao. Wapo watu, hata miongoni mwa Waingereza, wanaodhani mwanzo wake ni lile neno la mvulana; na kwa Mswahili aliyesikia wazee wakisimulia jinsi mtumishi mwenye mvi alivyoitwa "boi" na bwana wa kikoloni, dhana hiyo inavutia. Lakini ni dhana tu. Hakuna mvulana ndani ya neno hilo. Yumo msimamizi wa kabaila.

Likishachunguzwa kwa asili yake, neno linaonyesha mambo ambayo tafsiri ya haraka huyaficha. Kwanza, shabaha yake ilikuwa mtu, si kitu. Watu wa Mayo hawakukataa viazi; walimkataa Boycott. Pili, lilikuwa tendo la wengi waliokubaliana, wala si hasira ya mmoja mmoja. Mhunzi peke yake angekuwa amekosa mteja tu. Tatu, waliotenda walikuwa chini na aliyetendewa alikuwa juu. Na waliotenda walijua kwamba watalipa: mhunzi alikosa ujira, dobi alikosa ujira, mwenye duka alikosa mauzo, na wapangaji walijua kwamba jeshi linaweza kuja, likaja.

Basi Kiswahili hakina neno la jambo hilo? Kinalo, na ni la zamani kuliko Kapteni Boycott. Ni kutenga. Katika vijiji vingi vya nchi hii, mtu aliyewadhulumu wenzake na kukataa kusikia shauri la wazee alitengwa. Aliyetengwa hapewi moto, haazimwi jembe, salamu yake haiitikiwi, na akifiwa huchimba kaburi peke yake. Hakuna aliyehitaji kumpiga. Mzee yeyote wa kijiji angesimuliwa habari za Lough Mask asingehitaji kufafanuliwa kilichotokea huko.

Ni kweli kwamba neno hilo halitoshi kila mahali. Mtu hutengwa, lakini ukisema umetenga machungwa, msikilizaji atafikiri umeyaweka kando ili uyale jioni. Hapo "kugomea" kunafaa, nalo ni neno lenye heshima yake. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, na mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, hakuna aliyesema kwamba wamesusa. Kugoma kuna shabaha, kuna umoja, na kuna kujua gharama. Anayetengwa ni dhalimu, kinachogomewa ni mali yake. Kususia kuachiwe karamu.

Tatizo la neno hili la Kiingereza ni kwamba lilipokwisha kuzoeleka, kila mtu alilitia mkononi. Wachina waliligeuza silaha dhidi ya bidhaa za Kimarekani mwaka 1905, kwa sababu Marekani iliwafungia Wachina milango. Mwaka huo huo watu wa Bengal walikataa nguo za Uingereza baada ya jimbo lao kugawanywa. Hao walilitumia kwa maana yake. Lakini tarehe 1 Aprili, 1933, serikali ya Hitler iliweka wanamgambo wake milangoni pa maduka ya Wayahudi kote Ujerumani ili kuwazuia wateja, na jambo hilo nalo likaitwa "boycott". Dola yenye bunduki ikiwazingira raia wake wachache wasio na silaha, hapo pana nini cha Lough Mask? Hapana kitu ila jina lililoibiwa. Vivyo hivyo taifa kubwa linapoifungia nchi ndogo biashara kwa sababu nchi hiyo haikutii, Kiswahili kina neno jingine, nalo ni vikwazo. Ni vema maneno hayo mawili yasichanganywe.

Yako pia mambo yasiyonyooka. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Unguja ilitunga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya usafirishaji wa zao hilo, na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walikuwa wameizoea biashara hiyo na waliwadai wenye mashamba fedha nyingi, wakaachwa nje. Wafanyabiashara hao walikataa kushughulika na karafuu, na chama cha Congress huko India kikawaomba Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Mwaka 1938 serikali ilikubali mapatano yaliyowarudisha katika biashara. Silaha ilifanya kazi, na aliyeshindwa alikuwa mkoloni. Lakini mchumaji wa Pemba, asiyekuwa na sheria wala mtaji, aliyekuwa juu ya mkarafuu na pishi yake kiunoni, hakuulizwa na upande wowote. Watu wa Mayo waliamua wenyewe kuingia hasarani, huyu aliamuliwa.

Ilipofika zamu ya makaburu, maana ya kwanza ilirudi. Desemba 1958, mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra ulitoa wito wa kukataa biashara na Afrika Kusini. Katikati ya mwaka 1959 chama cha ANC kiliwaomba wananchi wa Afrika Kusini wasile viazi, kwa sababu viazi vya Bethal vililimwa na Waafrika waliokamatwa kwa makosa ya pasi na kutumikishwa kwa makaburu kama watumwa. Viazi, chakula rahisi cha maskini wa mijini, vikarundikana masokoni. Na tarehe 26 Juni, 1959, katika mkutano uliofanyika London kuanzisha harakati za kuwaomba Waingereza wasinunue mali ya Afrika Kusini, mmoja wa wasemaji alikuwa Rais wa TANU, Julius Nyerere. Nchi yake mwenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Harakati hizo ndizo zilizogeuka, mwaka uliofuata, kuwa chama kikubwa cha kupinga ubaguzi wa rangi nchini Uingereza.

Gharama yake ilikuja kuonekana vizuri mwaka 1976. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini katika siku zile zile ambazo watoto wa Soweto walipigwa risasi, na wakuu wa Olimpiki wakakataa kuiondoa New Zealand katika michezo ya Montreal. Tanzania na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20 hazikushiriki. Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, aliyoiweka Christchurch mwezi Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand mbele ya watu wa Walker mwenyewe. Montreal Bayi hakuwamo, na Walker akaondoka na dhahabu. Anayeweza kuandika kwamba Bayi alisusa na aandike, kisha amtazame Bayi machoni.

Miaka 4 baadaye Marekani ilitaka dunia ikatae michezo ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kuwashawishi viongozi, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu hakuonana naye. Aliyekaa kimya juu ya Soweto mwaka 1976 hakuwa na haki ya kuazima silaha ya wanyonge mwaka 1980. Bayi alikwenda Moscow akapata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata kuzitwaa katika Olimpiki.

Wanasiasa wanaopenda kutoka ukumbini na kususia vikao wangependa sana kujifunika kwa neno hili. Na wakumbuke kwamba Parnell, aliyewafundisha wakulima kumtenga mtu, hakuliacha Bunge la London. Yeye na wenzake walikaa humo usiku kucha wakizungumza, mpaka wabunge wa Kiingereza wakawa hawajui la kufanya nao. Kazi ya kutenga iliachiwa mahali pake, kijijini.

Wapangaji wa Mayo waliona matunda kidogo kidogo: sheria ya ardhi ya mwaka 1881, kisha ile ya mwaka 1903 iliyowawezesha wakulima kuyanunua mashamba waliyoyalima. Na wajukuu wao hawakulisahau neno lao. Julai 1984, katika duka moja kubwa la Dublin, mwanamke wa miaka 21 aitwaye Mary Manning, aliyekuwa keshia, alikataa kupokea malipo ya mabalungi mawili yaliyotoka Afrika Kusini, kwa kuwa chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimeazimia hivyo. Alisimamishwa kazi. Wenzake wachache walitoka pamoja naye, wakasimama mlangoni katika baridi na mvua, wakila posho ndogo ya mgomo. Mwanzoni, kama walivyokiri wenyewe, hawakuijua sana Afrika Kusini. Aliyewafundisha ni Nimrod Sejake, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuja kusimama nao. Wapita njia wengine waliwatukana. Walisimama hapo karibu miaka 3, mpaka mwaka 1987, serikali ya Ireland ilipopiga marufuku kuingizwa nchini humo matunda na mboga za makaburu.